Kuongeza Nguvu za Gari: Nani Atakayebeba Hasara?

Siku chache kabla ya Pasaka mpwa wangu alinijia nyumbani akiwa na mfuko wenye vitu viwili. Kimoja kilikuwa hati ya dhamana ya pikapu yake, ile ambayo wengi huiita waranti. Cha pili kilikuwa kijisanduku cheusi, kisichozidi ukubwa wa pakiti ya majani ya chai, chenye nyaya mbili fupi. Pikapu hiyo ni mpya, ya dizeli, na ameinunua kwa mkopo wa benki wa miaka 4. Huitumia kuteremsha kabeji na karoti kutoka Lushoto hadi Dar es Salaam mara 2 kwa wiki, na kurudi na bidhaa za dukani. Kijisanduku aliuziwa na kijana mmoja aliyemhakikishia kwamba kikifungwa kwenye injini kitaiongezea nguvu kwa asilimia 20, na kwamba kikifunguliwa kabla ya gari kupelekwa kwa wakala, hakuna atakayejua.

"Mjomba," aliniuliza, "nikifunge nisikifunge?"

Swali hilo fupi lina ndani yake fizikia, sheria, na hesabu ya mambo yasiyo ya hakika. Nimeona lafaa kuandikwa hapa, kwa kuwa wanafunzi wetu wengi watakuja kumiliki magari au kuyatengeneza, na kwa kuwa mafundi wengi hulijibu kwa kufuata sehemu yake moja tu.

Tuanze na fizikia. Nguvu ya injini hutokana na kuunguza mafuta ndani ya hewa. Kilo 1 ya dizeli huhitaji takriban kilo 14.5 za hewa ili iungue yote. Atakaye nguvu zaidi kutoka katika injini ileile hana budi kuingiza hewa nyingi zaidi, au mafuta mengi zaidi, au vyote viwili. Ndiyo kazi ya turbo, pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe, ambayo Mswisi Alfred Büchi aliipatia hataza mwaka 1905. Katika magari ya siku hizi, kiasi cha mafuta huamuliwa na kompyuta ya injini. Kompyuta hiyo husoma vipima vingi, kikiwamo kipima kanieneo ya dizeli ndani ya bomba linalolisha nozeli, ambayo katika injini nyingi hufikia baa 2,000 na zaidi.

Kijisanduku cha mpwa wangu hukaa kati ya kipima hicho na kompyuta. Kwa lugha ya wazi, ni mwongo. Kipima kikisema kanieneo ni 1,600, kijisanduku huiambia kompyuta kwamba ni 1,400. Kompyuta, ambayo haina sababu ya kushuku, huamuru pampu iongeze. Mafuta mengi zaidi huingia, mlipuko huwa mkubwa zaidi, na pistoni husukumwa kwa kani kubwa zaidi. Nguvu huongezeka kweli, na katika jambo hilo muuzaji hakudanganya. Lakini hakuna kipande hata kimoja cha chuma kilichobadilishwa. Pistoni ni zilezile, krenki ni ileile, na klachi na giaboksi ni zilezile.

Ili kuona uzito wa jambo hilo, tutazame jinsi kiwanda chenyewe kinavyoongeza nguvu. Mwaka 2015 Toyota ilitoa Hilux yenye injini mpya ya dizeli ya lita 2.8. Ilikuwa na kilowati 130. Msokoto wake, yaani kani ya kuzungusha, ulifikia nyutonimita 450 kwa gari la giaboksi ya otomatiki na 420 kwa gari la giaboksi ya mkono. Mwaka 2020 injini hiyo ilipandishwa hadi kilowati 150. Wahandisi hawakutosheka na kubadili tarakimu ndani ya kompyuta. Waliweka turbo kubwa zaidi yenye beringi za gololi, wakazirekebisha pistoni, na hata bloku ya injini wakaigusa. Gari la otomatiki likapata nyutonimita 500. Gari la giaboksi ya mkono lilibaki na 420 zilezile.

Msomaji makini atauliza: nguvu zimepanda kutoka kilowati 130 hadi 150, msokoto umewezaje kubaki palepale? Jibu limo katika kanuni ifundishwayo kidato cha tano, kwamba nguvu ni msokoto mara kasi ya mzunguko. Nguvu ya juu ya injini hii hupatikana katika mizunguko 3,400 kwa dakika, ambayo ni radiani 356 kwa sekunde. Gawanya wati 130,000 kwa 356, utapata nyutonimita 365. Gawanya 150,000 kwa 356, utapata 421. Maana yake ni kwamba injini ya zamani ilikuwa ikichoka inapofika kasi kubwa, msokoto wake ukishuka kutoka 420 hadi 365. Injini mpya haichoki, hushikilia 420 hadi mwisho. Wahandisi waliinua sehemu ya mchoro iliyokuwa imelegea, lakini kilele hawakukigusa. Kwa tafsiri yangu, walikuwa wakiichunga giaboksi.

Pikapu ya mpwa wangu si ya aina hiyo, lakini nayo ni ya giaboksi ya mkono. Kijisanduku chake hakiinui sehemu iliyolegea, bali hukipandisha kilele kwa asilimia 20 na zaidi ya hapo hakijui chochote.

Je, chuma hakiwezi kuhimili asilimia 20? Kinaweza, na hapo ndipo wengi hukosea. Hakuna mhandisi anayesanifu gia ya kuvunjika siku ya kwanza msokoto unapozidi kidogo. Gari litawashwa, litapanda mlima kwa mbwembwe, na mwenyewe atarudi kwa fundi kutoa shukrani. Madhara ni ya taratibu. Katika karne ya 19 mhandisi wa reli wa Ujerumani, August Wöhler, alichunguza ekseli za mabehewa zilizokuwa zikikatika ingawa hazikuwahi kubebeshwa mzigo wa kuzivunja kwa mara moja. Aliona kwamba chuma huchoka. Mzigo mdogo ukirudiwa mara nyingi hutenda kile ambacho mzigo mkubwa hutenda mara moja, na kila mzigo unapoongezwa, idadi ya marudio ambayo chuma kinaweza kuyavumilia hupungua upesi kupita tunavyodhania.

Kwa beringi za gololi tunayo kanuni iliyo wazi, iliyotolewa na Waswidi Gustaf Lundberg na Arvid Palmgren mwaka 1947: umri wa beringi hupungua kwa kipeo cha tatu cha mzigo. Mzigo ukiongezeka mara 1.2, umri hugawanywa kwa 1.2 × 1.2 × 1.2, yaani 1.728. Beringi ambayo ingeishi kilomita 300,000 itaishi takriban 174,000.

Mwalimu wa hisabati anaweza kulipanua zoezi hili, kwa sababu gari halipandi mlima saa zote. Tuseme katika kila kilomita 10 za safari, 9 ni za tambarare na 1 ni ya mlima, na katika mlima beringi hubeba mzigo mara 3 ya ule wa tambarare. Uchakavu wa kilomita 1 ya tambarare tuuite 1. Wa kilomita ya mlima utakuwa 3 kwa kipeo cha tatu, yaani 27. Jumla ya kilomita 10 ni 9 kujumlisha 27, yaani 36. Robo tatu ya uchakavu wote imetokea katika sehemu moja ya kumi ya njia. Sasa ongeza mzigo wa mlimani peke yake kwa asilimia 20: ile 27 inakuwa 46.7, na jumla inakuwa 55.7. Umri wa beringi umeshuka hadi asilimia 65 ya ule wa awali, ingawa dereva anaweza kuapa, naye asiseme uongo, kwamba hiyo nguvu ya ziada huitumia mara chache tu. Barabara ya kupanda Lushoto kutoka Mombo ina kilomita thelathini na ushei.

Tuje sasa kwenye dhamana. Watu wengi huidhania kuwa ni ahadi kwamba gari halitaharibika. Sivyo. Kiwanda kinajua fika kwamba katika kila magari 1,000 yapo kadhaa yatakayoharibika, na kwa kumbukumbu zake za miaka mingi kinaweza kukadiria ni mangapi na kwa gharama gani. Gharama hiyo imo tayari katika bei aliyolipa mnunuzi. Dhamana basi ni aina ya bima, na hesabu yake imefanywa kwa gari lenye msokoto uliotajwa katika kitabu chake. Ukipandisha msokoto, umelitoa gari lako katika kundi lililofanyiwa hesabu, ukaliingiza katika kundi ambalo hakuna aliyelipia.

Sheria inasemaje? Mfano ujulikanao sana ni wa Marekani, ambako mwaka 1975 ilipitishwa sheria iitwayo Magnuson-Moss. Kwa ujumla, sheria hiyo inamkataza mtengenezaji kuifunga dhamana yake na sharti la kutumia vipuri vya chapa fulani, isipokuwa kama anavitoa bure au amepewa ruhusa maalumu. Lakini haimlazimishi kulipia uharibifu uliosababishwa na kifaa cha mtu mwingine. Neno lenye uzito hapo ni kusababisha. Redio ikifa, kijisanduku cha dizeli hakina hatia. Kioo cha dirisha kikigoma kupanda, vivyo hivyo. Pistoni ikiyeyuka au gia ikimeguka meno, hali ni nyingine kabisa. Kwa hiyo si sahihi kusema, kama mafundi wasemavyo, kwamba ukigusa kitu kimoja dhamana yote imekufa. Hukatika kipande kwa kipande, na vipande vinavyokatika kwanza ndivyo vya bei kubwa.

Kwetu Tanzania mlaji analindwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya mwaka 2012. Hata hivyo, mwenye gari asiende kwenye vitabu vya sheria kabla hajaisoma hati yake mwenyewe. Nilipomwomba mpwa wangu anisomee ukurasa unaoorodhesha mambo yasiyolipiwa, alikiri kwamba hakuwahi kuufungua. Ulitaja kwa maneno yasiyo na utata mabadiliko yoyote ya mfumo wa mafuta. Aidha, klachi, ambayo huwa ya kwanza kuteleza msokoto unapozidi, aghalabu huhesabiwa kuwa kitu cha kuchakaa, hivyo hailipiwi hata gari likiwa halijaguswa. Kampuni ya bima nayo hutaka kuelezwa mabadiliko ya namna hii. Asiyeieleza huipa sababu ya kubishana naye siku ya ajali.

Na ile ahadi kwamba hakuna atakayejua? Ilikuwa na ukweli zamani za kabureta, fundi alipoweza kurudisha jeti ya awali na kufuta mikono. Kompyuta ya injini ina kumbukumbu. Huandika hitilafu, na pamoja na hitilafu huandika hali ya injini wakati huo: kasi, halijoto, mzigo. Marekani, gari la Volkswagen au Audi likiunganishwa na mtambo wa uchunguzi wa wakala, na programu yake ikaonekana haifanani na ya kiwandani, huwekewa alama TD1 katika kumbukumbu za kampuni, na tangu hapo madai ya dhamana yanayohusu injini na mitambo ya kuendesha magurudumu huweza kukataliwa. Kijisanduku kisichobadili programu kitaikwepa alama ya namna hiyo, lakini hakiwezi kuufuta ushahidi wa chuma. Pistoni iliyounguzwa na mafuta ya ziada ina sura yake, na mtaalamu huitambua kama daktari atambuavyo kovu la moto. Tena, kukifungua kifaa na kuapa kwamba hakikuwahi kuwapo ni udanganyifu, wala sikumficha mpwa wangu maoni yangu juu ya jambo hilo.

Hapo akaniuliza swali la busara kuliko yote: "Lakini mjomba, si inawezekana nisipatwe na lolote?"

Inawezekana, tena ndilo jambo la kutarajiwa zaidi. Tufanye hesabu kwa tarakimu za kubuni, kwa ajili ya kuonyesha njia tu. Tuseme kwamba kwa gari lisiloguswa, uwezekano wa giaboksi au injini kuharibika vibaya katika mwaka ni 2 katika 100, na ikitokea kiwanda hulipa. Kwa gari lenye kijisanduku uwezekano unakuwa 6 katika 100, na mwenyewe hulipa shilingi 9,000,000. Hasara ya wastani ni 0.06 mara 9,000,000, yaani shilingi 540,000 kwa mwaka. Tuseme pia kwamba nguvu ya ziada humwokolea muda na mafuta ya shilingi 12,000 kwa safari, na safari ni 100 kwa mwaka. Faida ni shilingi 1,200,000. Faida imeishinda hasara zaidi ya mara mbili. Hesabu ya wastani inasema: kifungwe!

Nilimwona akitabasamu. Lakini wastani ni wa nani? Mwenye magari 1,000 hupata wastani kila mwaka, kwa kuwa yale 60 yatakayoharibika hulipiwa na faida ya yale 940. Kwake 540,000 ni gharama halisi, kama kodi. Mwenye gari 1 hawezi kamwe kupata hasara ya 540,000. Atapata sifuri, au atapata 9,000,000. Akiba yote ya mpwa wangu haifiki milioni 3. Likimtokea la pili, gari litalala karakana wiki nyingi, benki itaendelea kudai marejesho, na wanunuzi wake wa kabeji watatafuta mtu mwingine. Kitakachopotea hapo ni gari lenyewe na riziki yake. Ndiyo sababu bima ipo duniani, na ndiyo sababu hati aliyokuja nayo ilikuwa na thamani kwake kuliko kwa tajiri mwenye malori. Tajiri anaweza kuichana na asilale njaa.

Niseme pia kidogo juu ya magari yaliyotumika, maana ndiyo mengi katika barabara zetu. Gari lililokuja kutoka Japani likiwa na miaka 8 kwa kawaida halina tena dhamana ya kiwanda, na kwa hiyo mwenyewe hana hati ya kupoteza. Vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wanaopenda kuziongezea nguvu Subaru zenye turbo hulitumia hilo kama hoja. Ni hoja ya nusu. Asiye na dhamana ndiye mdhamini wa gari lake, na injini anayoidhamini ina historia asiyoijua. Isitoshe, baadhi ya injini hizo zilirekebishwa kwa petroli ya Japani ya daraja la juu, ambayo kwa kawaida huuzwa ikiwa na okteni karibu 100. Petroli ya kawaida kwetu iko chini ya hapo. Okteni ikiwa ndogo na kanieneo ya turbo ikapandishwa, mchanganyiko huweza kulipuka wenyewe kwa wakati usiofaa, na mgongano huo huvunja kingo za pistoni. Mwenye kuanza na kipimo cha okteni kabla ya kununua kifaa chochote atakuwa ameanza mahali panapofaa.

Nirudi kwa mpwa wangu. Nilimshauri amwandikie wakala barua, aeleze kifaa alichonacho na kuuliza bayana ni sehemu zipi zingebaki chini ya dhamana kama angekifunga. Alisita, akihofia kwamba kuuliza ni kujichongea, lakini aliandika. Tulipokuwa tukiiandika nilimwuliza anapandisha mzigo wa kilo ngapi.

Alinyamaza kidogo. "Mifuko 30 ya saruji," akasema.

Mfuko ni kilo 50, na mifuko 30 ni kilo 1,500. Kitabu cha gari lake kinaruhusu kilo 1,000. Gari lenyewe lina kilo 2,000, hivyo alikuwa akipandisha jumla ya kilo 3,500 mahali ambapo wasanifu walikusudia 3,000. Gawanya 3,500 kwa 3,000, utapata 1.167. Akirudi kwenye mifuko 20, kila kilo ya gari na mzigo itapata nguvu zaidi kwa karibu asilimia 17, bila kijisanduku. Muuzaji alikuwa amemwahidi 20. Na kuzidisha mzigo, tulipousoma tena ule ukurasa, nako kulikuwa kumeorodheshwa.

Jibu la wakala lilikuja baada ya wiki 3. Injini, turbo, giaboksi na difu havingelipiwa kwa hitilafu yoyote ambayo uchunguzi ungeihusisha na kifaa hicho, na mengine yote yangebaki kama yalivyo. Tulikaa tukapiga hesabu ya mwisho. Dhamana ni ya miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Yeye huenda takriban kilomita 1,400 kwa wiki, kwa hiyo kwake miaka 3 ni wiki 71 tu, na dhamana itakwisha mkopo ukiwa haujafika hata nusu. Alikuwa amekwisha kwenda kilomita 62,000. Zimebaki 38,000, yaani wiki 27.

Kwa sasa hupandisha mifuko 22. Ile miwili ya ziada anasema ni ya mteja mmoja wa Soni asiyeweza kumkatalia. Kijisanduku kiko kabatini kwangu, na nimemwambia kwamba wiki ya 28 aje na kalamu na karatasi, kwa sababu tarakimu zote zitakuwa zimebadilika.